Ngazi za Mwaija katika Nchi ya Sawia

Kabla hujasikia habari za nchi ya Sawia, yafaa kwanza umjue Skola, kwa sababu yaliyomkuta huko yasingemkuta msichana asiye na wivu.

Skola na Naetwe walikua pamoja katika kijiji kimoja cha milimani, wakaingia skauti pamoja, wakaapa ahadi siku moja. Beji aliyoipata mmoja, mwenzake aliipata muda si mrefu. Mwishowe wakabakiwa na cheo cha juu kuliko vyote, kile cha Skauti wa Kilele. Cheo hicho hakina mtihani. Anayekitaka huchagua kazi moja ya kuwafaa watu, akaisimamia mpaka iishe. Naetwe alichagua kujenga kivuko cha miti juu ya korongo linalovukwa na watoto wa shule. Skola akachagua kupanda miti kuizunguka chemchemi iliyoanza kukauka.

Kivuko kikainuka. Miche ya Skola ikaliwa na mbuzi. Akapanda mingine, jua likaiunguza. Wenzake waliokuwa wakimsaidia wakaanza kuchelewa, halafu wakaacha kuja kabisa, na alipowatafuta aliwakuta korongoni wakimshikia Naetwe magogo huku wakicheka.

Hapo ndipo wivu ulipomwingia, na ulipoingia ulikaa. Akipita karibu na kivuko, macho yake yalitafuta msumari uliolegea, na asipouona alirudi nyumbani amenuna. Naetwe akisifiwa, Skola alikumbuka ghafla kwamba ana kazi jikoni. Hata kicheko cha rafiki yake, alichokipenda tangu utotoni, sasa kilimchoma kama upupu. Mwisho akamwendea kiongozi wao wa skauti, Mwalimu Mkwizu, akamwambia kwamba anaacha.

Mwalimu Mkwizu hakumbembeleza. "Kundi letu lina udugu na skauti wa Sawia," alisema. "Kila baada ya muda tunapeleka mtu akakae nao. Nenda wewe. Ukirudi bado unataka kuacha, utaacha."

Skola akakubali upesi, maana kivuko kilikaribia kuzinduliwa na hakutaka kuwepo.

Safari yenyewe haina la kusimulia. Kitu cha kwanza alichokiona Sawia ni miti. Yote ilikuwa ya kimo kimoja, imekatwa vichwa. Afisa wa mpakani alimweleza kwa upole kwamba mti mrefu huuumiza mti mfupi, na serikali haiwezi kulifumbia macho jambo hilo.

"Kuna jambo lolote unalowazidi wenzako?" afisa aliuliza.

"Hakuna."

"Kuna anayekuzidi?"

Skola akanyamaza. Afisa akatabasamu kwa mara ya kwanza, akamvutia kiti.

Alichojifunza siku za mwanzo ni hiki: katika Sawia, mwenye wivu ndiye mtu wa heshima. Watu wa huko wanaamini kwamba anayefanikiwa amemjeruhi asiyefanikiwa, na kwamba majeruhi anastahili fidia. Mtu akiezeka nyumba yake upya, hubeba chakula akawapelekea majirani na kuwapa pole. Bibi harusi hupakwa masizi shavu moja ili wasichana wengine wasiugue. Katika mpira, timu iliyotangulia kufunga hulazimika kujifunga bao kabla ya mapumziko, na mashabiki hurudi nyumbani wakisema mchezo ulikuwa wa haki. Skola aliyatazama hayo yote na, kusema kweli, hayakumchukiza. Alijiona amefika mahali ambapo hatimaye anaeleweka.

Kila mgeni hupimwa. Mpimaji Mkuu wa Wivu aliitwa Bwana Wastani, mzee mtaratibu mwenye sauti ya daktari. Kipimo chake hakikuwa na chombo. Alimketisha Skola mbele yake akamwambia, "Mtaje yule anayekuuma, halafu useme: amestahili."

"Naetwe," Skola akasema.

"Endelea."

Neno la pili likagoma. Skola alilisukuma, likakwama kooni kama mfupa wa samaki. Akakohoa. Akatazama dari. Bwana Wastani alingoja bila haraka, mikono magotini, mpaka jasho likamtoka msichana.

"Inatosha, mwanangu," alisema mwishowe. "Nimekaa kwenye kiti hiki tangu ujana wangu na sijaona wivu uliokomaa hivi kwa mtu wa umri wako." Akasimama, akamvisha mkanda wa kijani, ambao watu wengi wa Sawia huupata wakiwa na mvi. Siku ile wazee walimpisha njiani. Skola alitembea kifua mbele. Tangu mbuzi waingie kwenye miche yake hakuwahi kusifiwa kwa lolote.

Akapangiwa kukaa kwa mama mmoja mjane mwenye binti aitwaye Mwaija. Mwaija alikuwa mdogo kwa Skola kidogo, mwembamba, mikono yake imejaa michubuko. Naye alikuwa skauti.

"Unatafuta beji gani?" Skola alimwuliza walipokuwa wakila.

Mama akaacha kutafuna. Mwaija akajibu huku ametazama sahani, "Skauti wa Kilele."

Kwao Sawia cheo hicho kilikuwepo tangu kundi lilipoanzishwa, na hakuna aliyewahi kukipata. Viongozi walijivunia jambo hilo. Walisema cheo chao ndicho safi kuliko vyote duniani, kwa kuwa hakijawahi kumuumiza mtu. Mwaija alikuwa anajenga ngazi za mawe kwenye mteremko mkali ulio kati ya kijiji na kisima, mahali ambapo kina mama huteleza na ndoo kila masika. Lakini kila wiki watu wenye mikanda ya kijani walikusanyika, wakaeleza jinsi ngazi zile zinavyowauma, na kila mmoja akaruhusiwa kung'oa jiwe moja kwenda nalo nyumbani kama fidia. Mwaija alijenga wiki nzima, wao wakang'oa asubuhi moja, naye akaanza tena pale walipoachia.

Kesho yake alimpeleka Skola akazione. Ngazi zilipanda kutoka bondeni zimenyooka, kila jiwe limekaa juu ya jingine kana kwamba lilizaliwa hapo. Palipong'olewa palikuwa pamezibwa upya. Skola alizitazama, na ule moto wa korongoni ukamrudia mwilini. Huyu mtoto anaharibiwa kazi yake kila wiki, alijiambia, na bado anajenga. Mimi mbuzi waliingia mara moja tu. Alitamani apate kasoro hata moja. Hakuipata.

"Ni nzuri?" Mwaija akamwuliza, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuulizia hilo.

"Si mbaya," Skola akajibu.

Wiki hiyo mkusanyiko ulipofanyika, walimwuliza mgeni wao wa heshima kama ngazi zinamuuma. Alisema zinamuuma kidogo. Wakamkaribisha achukue jiwe kabla ya watu wote. Skola alipanda mpaka katikati, akachagua lile lililokuwa limelazwa vizuri kuliko mengine, akaling'oa, akalitupa nyuma ya nyumba aliyokuwa analala. Kwa muda mfupi alijisikia mwepesi. Walipokaa kula jioni, wepesi ule ulikuwa umekwisha, na Mwaija alikuwa bado ni Mwaija.

Mvua ikanyesha kabla pengo lile halijazibwa. Asubuhi mama yake Mwaija alikuwa anashuka na ndoo ya maji kichwani, akakanyaga mahali palipopaswa kuwa na jiwe, na hapakuwa na jiwe. Skola alisikia kishindo akiwa uani. Alipofika alimkuta mama amelala ubavu kwenye tope, mkono umekunjika vibaya chini yake, ndoo ikiendelea kubingirika kuelekea bondeni.

Yeye na Mwaija walimbeba. Muunga mifupa wa kijijini alimfunga mkono kwa vijiti na vitambaa, akasema utapona ila hautabeba ndoo tena. Mama alikaa mkekani, uso umepauka.

"Mama, nisamehe," Skola alimwambia. "Jiwe lile nililing'oa mimi."

"Ulikuwa umeumia, mwanangu," mama alijibu. "Ilikuwa haki yako."

Alisema hivyo kwa wema mtupu, kama alivyolelewa kusema, na Skola aliona afadhali mama angempiga kofi.

Mwaija aliyasikia maneno hayo akiwa mlangoni. Akamtazama Skola, kisha akamgeukia mama yake. "Naacha," alisema. "Baraza la fidia linaketi keshokutwa. Nitawaambia wachukue mawe yote."

Sasa sikiliza jambo ambalo Skola hakulisahau maishani. Aliposikia neno lile *naacha*, moyo wake uliruka kwa furaha. Mama wa watu amelala na mkono uliovunjika kwa kosa lake, na yeye amefurahi, kwa sababu sasa kuna mwingine aliyeacha kama yeye. Furaha ile ikamtisha kuliko kitu chochote alichokiona Sawia. Akatoka nje, akakaa juu ya jiwe alilolitupa nyuma ya nyumba.

Siku ya baraza ukumbi ulijaa mikanda ya kijani. Bwana Wastani alikaa katikati ya waheshimiwa, mbele yao akasimama Mwaija, na pembeni mama yake, mkono umening'inizwa kwa kanga. Mwaija alipotakiwa kusema, alisema kwamba amechoka na wafanye wapendavyo. Ukumbi ukamshangilia kwa adabu.

"Kabla ya kuamua," alisema Bwana Wastani, "sheria inataka tumsikilize mwenye wivu mkubwa kuliko wote. Huyo, bila ubishi, ni mgeni wetu."

Skola akasimama.

"Ngazi hizi zinaniuma," alisema. "Sitaki kudanganya. Zinaniuma leo kuliko siku ya kwanza, ingawa nilishalipwa jiwe. Ningependa kuuliza. Hivi mtu akishalipwa, huwa mnampima tena?"

Waheshimiwa wakatazamana. "Tunapima kabla," Bwana Wastani alijibu polepole. "Ili tujue cha kulipa."

"Na baada?"

"Haijawahi kuombwa."

Skola akaomba. Kukazuka mjadala. Mheshimiwa mmoja alisema kumpima aliyelipwa ni kumtilia shaka. Mwingine alisema kipimo kikirudiwa, watu watakosa imani na kipimo cha kwanza. Mjadala ukaendelea mpaka mwanamke mmoja wa mstari wa mbele, ambaye ua wake ulikuwa umejaa mawe ya Mwaija hata kuku wakakosa pa kulala, akainuka mwenyewe na kusema, "Nipimeni mimi."

Bwana Wastani akamketisha. "Mtaje, halafu useme amestahili."

"Mwaija," mwanamke yule akasema. Alikaa hivyo muda mrefu, mdomo wazi, akimtazama yule msichana, na machozi yakaanza kumshuka. Neno halikutoka. Bwana Wastani akavua miwani akaifuta, kisha akaivaa tena. Alionekana kama mganga aliyeambiwa kwamba dawa yake ndiyo inayowaumiza wagonjwa.

"Wivu wako umeongezeka," alisema kwa sauti ndogo.

Ukumbi ukanong'ona. Hata hivyo Sawia si nchi ya kuacha sheria kwa sababu imeonekana haifai. Mheshimiwa aliyekuwa mkali zaidi akakumbusha kwamba fidia bado ni fidia, na mgeni ndiye wa kulipwa kwanza, mpaka atosheke. Akamwuliza anataka mawe mangapi.

"Yote," Skola akajibu.

Mwaija alimgeukia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa na rafiki. Ukumbi mzima ulitikisa vichwa kwa heshima, maana wivu wa namna hiyo walikuwa wameusikia kwenye hadithi tu.

"Ni yako," mheshimiwa akatangaza. "Utayapeleka wapi?"

"Sheria inasema niyapeleke wapi?"

"Haisemi. Mawe yaliyolipwa ni mali ya aliyelipwa."

"Basi yangu nayaacha hapo hapo yalipo."

Mheshimiwa akafungua mdomo akaufunga. Mtu akauliza kutoka nyuma kama bado anaweza kung'oa lake, akaambiwa kwamba hawezi, kwa kuwa wivu wake ulitambuliwa dhidi ya Mwaija, na Mwaija sasa hana jiwe hata moja. Mwingine akauliza kama Mwaija anaweza kuendelea na kazi juu ya mawe ya mtu mwingine. Walilijadili hilo mpaka wakachoka. Hatimaye baraza likaamua kwamba mtu asiyemiliki chochote hawezi kumzidi mtu yeyote, na asiyemzidi mtu hakuna sababu ya kumzuia. Wakaandikisha uamuzi huo kwa fahari, wakaenda kula.

Lakini Mwaija hakwenda kujenga. Skola alimkuta chini ya mteremko, amekaa, mikono yake ameilaza juu ya magoti.

"Umeninyang'anya," alisema bila kugeuka.

"Nimekushikia. Ukimaliza ni za kijiji chote."

"Simalizi. Nimechoka, dada. Hujui."

Skola akaketi kando yake. "Najua kuacha kulivyo," alisema. "Kwetu nilipanda miche, nikaacha. Kila aliyeniuliza nilimwambia ni mbuzi. Sasa naona mbuzi waliniharibia siku moja tu. Siku zilizobaki nilikuwa nimesimama kwenye kivuko cha mwenzangu, natafuta msumari uliolegea. Kazi yangu nani angeiangalia?"

Mwaija akageuka, akamtazama.

"Nakuonea wivu mpaka hivi sasa tunavyozungumza," Skola aliendelea. "Ukimaliza ngazi hizi utakuwa umenizidi, na itaniuma. Najua itaniuma. Maliza tu, Mwaija. Mama yako hawezi tena kushuka kwa ndoo, lakini anaweza kupanda akae kisimani na wenzake, kama kutakuwa na pa kukanyaga."

Msichana akainua macho kutazama pengo la katikati. Kisha akauliza, "Lile jiwe la katikati uliliweka wapi?"

Walilibeba wote wawili kutoka nyuma ya nyumba. Mwaija hakumruhusu Skola alilaze. Alimwelekeza namna ya kulishika tu, akalilaza mwenyewe, akalipiga kwa kiganja, akalitikisa, akaling'oa, akalilaza upya. Skola alimletea udongo na kokoto. Kazi iliendelea siku nyingi. Mvua iliosha kona moja ikabidi waianze tena, na siku ile Mwaija alilia, lakini alilia huku anachimba. Yule mwanamke mwenye ua uliojaa mawe alikuja asubuhi moja na jiwe kwapani, akaliweka chini bila salamu, akaondoka. Kesho yake alikuja na mawili.

Ngazi zilipofika kisimani, mama yake Mwaija alipanda akiwa ameshikilia bega la binti yake kwa mkono mzima, akipumzika kila alipotaka. Alipofika juu alikaa ukingoni mwa kisima, akatazama nyumba yake chini kule kwa mshangao, kwa sababu hakuwahi kuitazama kutoka hapo bila ndoo kichwani.

Bwana Wastani naye alipanda. Alikuwa amebeba beji ya Skauti wa Kilele, iliyokaa sandukuni miaka yote hiyo, na alipofika hakujua huvaliwa upande gani. Akaitazama nyuma na mbele. Skola akaichukua mkononi mwake, akaibandika juu ya mfuko wa kushoto wa shati la Mwaija, akaiweka sawa. Ilimuuma kama alivyosema itamuuma, tena zaidi. Akarudi nyuma hatua moja, akasimama wima, akampigia saluti, na hakushusha mkono mpaka Mwaija aliposhusha wa kwake.

Aliporudi kwao, kivuko kilikuwa kimezinduliwa zamani na watoto wanakivuka bila hata kukitazama. Skola hakupitia nyumbani. Alimwendea Naetwe, akamkuta anaanua nguo.

"Nilitaka kivuko chako kivunjike," alimwambia. "Nilikuwa nakuja kukiangalia kama kimeanza kulegea."

Naetwe akalishika shuka lililokuwa mkononi mwake bila kulikunja. Alikasirika, na Skola aliiona hasira ile ikimpanda shingoni.

"Siku ya uzinduzi nilikutafuta kwenye watu," Naetwe alisema. "Waliniita mbele, sikusikia. Wakaniita tena. Nilikuwa nakutafuta wewe."

"Nilikimbia."

"Najua ulikimbia." Akalikunja shuka, akaliweka juu ya nguo nyingine. "Sasa umekuja kuniambia hilo tu?"

"Nimekuja kukuomba unisaidie uzio. Nataka kupanda tena, na siwezi kuwazuia mbuzi peke yangu."

Naetwe hakusema ndiyo siku ile. Lakini asubuhi iliyofuata Skola alipofika kwenye chemchemi alimkuta amekwisha kuja na mtaimbo wake. Hawakuzungumza sana. Walichimba mashimo ya nguzo kuizunguka chemchemi, mmoja akianzia kulia na mwingine kushoto. Kufika adhuhuri Naetwe alikuwa amechimba mengi kuliko yeye, na mashimo yake yalinyooka zaidi. Skola aliyaona. Akatema mate viganjani, akainua mtaimbo, akaanza shimo jingine.